Dwarf Fortress: kibeti kashonwa vizuri na bado kafa kwa maambukizi? Angalia ndoo kwanza

Mkuu, umeuliza kwa nini askari wako wa shoka kwenye Dwarf Fortress, gemu ya kompyuta ya kusimamia ngome ya vibeti, alikufa kwa maambukizi wakati alishashonwa na daktari wa upasuaji mwenye ujuzi wa juu, na kama dawa ni kuongeza madaktari. Usiongeze kwanza. Kwa nilivyoona kwenye ngome zangu, kibeti akitoka salama kwenye kushonwa halafu maambukizi yakamuua, chanzo huwa ni maji aliyooshewa au sabuni ambayo haikuwepo.

Dwarf Fortress haina dawa ya maambukizi. Huduma za afya ziliingizwa kwenye gemu mwaka 2010, lakini kidonge cha kumaliza usaha hutakipata. Daktari wa upasuaji anaweza kukata nyama iliyooza, basi. Kidonda kikishaambukizwa, mwili wa kibeti unapambana wenyewe: mwenye kinga imara anaugua muda mrefu na huenda akapona, aliye dhaifu anakwenda huku amezungukwa na madaktari. Fikiria dunia ya kabla ya penisilini, iliyogunduliwa 1928. Kwa hiyo nafasi yako ya kumwokoa inakuja mapema sana, pale anapooshwa.

Fanya hivi: akilazwa majeruhi mwingine, simamisha gemu, mfuate daktari kwa macho, halafu iachie iende taratibu. Mimi nilimfuata mmoja namna hiyo. Alichukua ndoo, akapita kwenye ngazi, akatoka hadi langoni na kwenda kuchota kwenye dimbwi la nje, lile lenye maji ya kina kifupi yaliyotuama. Ndoo ikarudi na maji yenye matope, na kidonda cha paja kikasafishwa kwa matope hayohayo. Gemu haikupigii kelele yoyote. Kwenye orodha ya matibabu unaona tu kwamba mgonjwa ameoshwa, unaridhika, unaendelea na mambo yako. Ukweli ni kwamba maji machafu kama hayo yanaongeza hatari ya maambukizi.

Suluhisho ni kisima ndani ya ngome, karibu kabisa na wodi, chenye maji ya kina cha kutosha chini yake. Kama chanzo chako pekee ni maji yaliyotuama, yapitishe kwenye pampu ya skrubu kabla hayajaingia kwenye tangi. Pampu inayageuza kuwa safi. Kisima hicho kinasaidia jambo lingine pia: mgonjwa aliyelala kitandani hanywi pombe, anapewa maji tu. Ngome yenye mapipa ya bia yaliyojaa na isiyo na maji ya karibu inaweza kumuua majeruhi kwa kiu kabla kidonda hakijamfikisha pabaya.

Sasa sabuni, na hapa ndipo wengi wanapochelewa. Unachoma magogo kwenye tanuru la kuni upate majivu. Majivu yanageuzwa kuwa maji ya majivu kwenye karakana yake, na ndoo inahitajika. Upande wa pili, ukichinja wanyama, mafuta yao mabichi yanayeyushwa jikoni yawe shahamu; kama huna mifugo, mafuta ya kukamuliwa kwenye kinu cha kushindilia yanafaa vilevile. Hayo mawili yanakutana kwa mtengeneza sabuni. Mnyororo ni mrefu, kila hatua inataka mtu na muda, ndiyo maana ukisubiri hadi goblini, maadui wanaovamia ngome, wafike umeshachelewa. Nafasi nzuri ni baada tu ya uchinjaji mkubwa wa kwanza, kwa sababu shahamu ipo tele. Hakikisha pia wodi ina makasha, maana bila makasha sabuni haihifadhiwi pale. Na vibeti wengine wanapenda kuitumia kuogea, kwa hiyo tengeneza ya ziada. Wala usiwazuie kuoga. Askari anayeingia vitani akiwa msafi ana uchafu mdogo wa kuingia kidondani.

Vifaa vingine havina mambo mengi: uzi wa kushonea, nguo ya kufungia, mabanzi, magongo, unga wa plasta na ndoo za kutosha. Ila funga kabisa matumizi ya uzi wa adamantine, metali adimu ya gemu hii, la sivyo daktari atashonea mkwaruzo kwa uzi uliotakiwa kuwa deraya.

Kuhusu madaktari wenyewe, chunguza kazi zao nyingine kabla ya kuhesabu vichwa. Daktari ambaye pia ni mchimbaji na mbeba mizigo atamwacha mgonjwa bila kuoshwa huku akisomba mawe. Mvue kazi hizo. Mpimaji naye ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu bila yeye kumpima mgonjwa, matibabu yanayofuata hayaanzi, na majeruhi analala na damu na tope juu ya jeraha lililo wazi.

Kama una mwingine ambaye tayari ameambukizwa, mpe mtu wa kumpelekea maji na chakula bila kukatika, mwache kitandani, na usimrudishe kikosini hata akionekana anatembea. Halafu tupia hapa picha ya wodi yako na mahali kisima kilipo, nitakuangalizia njia ambayo ndoo inapita.