Si kila maumivu ya kinena ni UTI

Barua za kibofu na nyonga zimekuwa nyingi, na wengi walioziandika ni watu waliokwishachoka. Nimechukua chache ambazo jibu lake litamfaa na mwengine.

Walioniandikia maneno matatu tu, "dawa ya UTI sugu?" (yaani maambukizo ya njia ya mkojo yasiyoisha), jibu lao ni fupi: dawa ya jina hilo haipo. Kuna vidudu vinavyojulikana kwa kuotesha mkojo maabara, na kila kidudu kina dawa inayokiua na dawa kilichokwishaizoea. Anayenunua vidonge bila ya kuoteshewa mkojo anabahatisha. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi na sitalijibu tena.

Assalaam alaykum bi. Mimi ni mwalimu hapa Mjini Unguja, nina miaka 37. Kwa miaka minne kinena kinaniuma. Mkojo ukijaa kidogo tu maumivu yanapanda, nikishakojoa napata nafuu ya muda mfupi. Usiku naamka mara tano. Dozi nilizokunywa sina hesabu yake. Mara mbili mkojo umeoteshwa na hawakuona kitu. Naambiwa UTI imejificha. Nifanye nini itoke?

Waalaykum salaam, mwanangu. Haikujificha. Ikiwa siku ulizotoa mkojo hukuwa umemeza dawa za kuua bakteria, na majibu yamekuja safi mara mbili huku maumivu yapo, basi yaelekea anayekuumiza si bakteria wa UTI. Kila dozi uliyomeza baada ya hapo huenda imekuharibia tumbo, imekuletea fangasi, au imewafundisha vidudu wa mwilini mwako kuizoea dawa utakayoihitaji siku ya kuumwa kweli.

Unavyojieleza, maumivu yanayopanda kibofu kikijaa na kushuka kikimwagwa, yakaendelea zaidi ya wiki sita na mkojo ukawa safi, ndivyo madaktari wanavyoyaeleza maumivu sugu ya kibofu. Hakuna kipimo kimoja kinachoyathibitisha. Yanatambulikana kwa kuondoa mengine, kwa hiyo usikubali kuambiwa unayo kabla hujapimwa kichocho, sukari, magonjwa ya zinaa, na ultrasaundi ya kuangalia mawe na uvimbe wa kizazi. Ukiwa umeona damu, hata mara moja, daktari wa njia ya mkojo akuangalie ndani ya kibofu kwa kamera.

Sasa nafuu. Tiba inayoyang'oa kabisa kwa kila mtu haipo, na atakayekuahidi hivyo anataka pesa zako. Lakini wengi hupata nafuu kubwa kwa kuunganisha mambo madogo, na wewe anza na chakula. Acha kwa wiki tatu au nne kahawa, chai ya rangi, pilipili, ndimu, ukwaju, achari, tungule na soda. Ndiyo, na urojo. Halafu rudisha kimoja kimoja, ukiacha siku chache kati yake, uone kipi kinakuwasha. Si vyote vitakavyokuudhi. Nimewaona wanawake waliojinyima kila kitu mpaka wakakonda, kumbe adui wao ni kahawa peke yake.

Maji usiyakimbie. Najua walimu mnavyofanya: hunywi maji toka asubuhi kwa sababu choo cha skuli hakina maji, au mlango haufungi. Mkojo mzito unakiunguza kibofu zaidi, na kuubana mchana kutwa kunaifundisha misuli ya nyonga kukaza isiweze kulegea. Hili nalisema kwa walimu wakuu na kamati za skuli pia: choo chenye komeo na ndoo ya maji ni sehemu ya afya ya mwalimu wa kike na ya watoto wa kike anaowasomesha. Kunywa kidogo kidogo mchana wote, punguza saa mbili kabla ya kulala.

Kibofu nacho hufundishwa. Kama sasa unakwenda kila nusu saa, jaribu kusogeza kwa dakika kumi, ukizoea uongeze nyengine kumi. Usifanye hivi kama mkojo una maambukizo au unatoka kwa shida, na usijilazimishe mpaka ukalia.

Na yale mazoezi ya kubana chini ambayo kila mtu anayapeleka kwa WhatsApp, wewe yaache. Yanamfaa anayevuja mkojo. Mwenye maumivu mara nyingi misuli yake imeshabana kupita kiasi, na kuibana zaidi ni kuchochea. Unachohitaji ni kulegeza: pumua tumbo lijae, toa pumzi taratibu, chini paachie. Kaa katika mkao unaofanana na sijda, magoti yamepanuka, kifua kimeshuka, dakika chache asubuhi na usiku. Chupa ya maji moto iliyozungushiwa taulo juu ya kinena hutuliza. Omba upelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mwambie wazi kwamba ni misuli ya nyonga, usimwambie mgongo kwa haya. Yasipotosha hayo, daktari anaweza kukuandikia amitriptilini kwa dozi ndogo ya usiku. Ni dawa ya zamani ya huzuni, lakini hapa inatumika kutuliza mishipa ya fahamu. Hiyo huandikwa na daktari baada ya kujua moyo wako na dawa zako nyengine. Usiifuate dukani kwa sababu umeisoma hapa.

Nimeogelea Nungwi wiki iliyopita na sasa mkojo unachoma. Ni kichocho?

Hapana. Kichocho hakiambukizwi na maji ya bahari. Kapime mkojo.

Bi, niko kusini Pemba, nina miaka 29, nimeolewa. Nikikutana na mume wangu natoka damu kidogo na nyonga inauma mpaka kesho yake. Nimetibiwa magonjwa ya zinaa mara tatu na mume naye akatibiwa. Sasa ananiangalia vibaya, anasema mimi ndiye niliyeleta. Wallahi sijatoka nje ya ndoa. Watu wazima wananiambia ni chango.

Dada yangu, nakuamini, na barua yako nataka isomwe na waume pia.

Nijibu swali moja: utotoni ulikuwa ukikoga au kufua mtoni, au ukishinda bonde la mpunga? Ikiwa ndiyo, kuna ugonjwa ambao hakuna anayeonekana kukutajia. Kichocho cha visiwa vyetu ni kile cha njia ya mkojo. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, huingia kwenye ngozi, na minyoo ikishakua hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu na kizazi. Mayai yake hayatoki yote na mkojo. Mengine hunasa kwenye kuta za kibofu, kwenye uke na kwenye shingo ya kizazi, yakaleta vidonda vidogo, uchafu, damu baada ya tendo, maumivu, na kwa wengine utasa. Dalili hizo zinafanana na za zinaa, ndiyo maana wanawake wetu wanatibiwa zinaa wasiyokuwa nayo na ndoa zinavunjika kwa mayai ya mnyoo.

Nenda ukaangaliwe shingo ya kizazi kwa macho, na utamke mwenyewe neno kichocho, usingojee likumbukwe. Mkojo safi haukutoshi, kwa sababu mayai yanaweza kuwa kwenye kizazi yasionekane kwenye mkojo. Ukiangaliwa hapo hapo uchunguzwe na saratani ya shingo ya kizazi, maana damu baada ya tendo haidharauliwi kwa umri wowote. Dawa ya kichocho ni prazikwanteli, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, humezwa baada ya kula. Inaua minyoo mikubwa. Michanga huiacha, kwa hiyo usishangae ukiambiwa urudie baada ya wiki kadhaa. Vidonda vya zamani vinaweza kuchelewa kupona, na ukirudi mtoni unaambukizwa upya.

Hapa nina maneno na watu wazima wa shehia zetu. Kati ya 2011 na 2017 visiwa hivi vilifanyiwa utafiti mkubwa: dawa ikagaiwa mara mbili kwa mwaka, skuli na majumbani, maeneo mengine ikaongezwa kuua konokono, mengine mafunzo ya kubadili tabia. Kichocho kilishuka sana, lakini hakikuisha, na yapo maeneo yaliyobaki na kichocho kingi. Mgawaji akija nyumbani kwako ukavitia vidonge mfukoni ili usimvunje uso, umejidanganya mwenyewe. Na mwanamke anayeingia bondeni kila msimu ana haja ya dawa hiyo sawa na mtoto wa skuli.

Mumeo mwambie aisome barua hii. Naye akapimwe, hata akiona haya kuuliza.

Mtoto wangu wa miaka 11 anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Bibi yake anasema ni dalili ya kukua.

Bibi tumheshimu, lakini hapa tusimfuate. Mpeleke kesho apimwe kichocho. Mkojo wake ukingwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndipo mayai yanapotoka kwa wingi, na aruke au akimbie kidogo kabla. Ndugu zake wanaokoga naye pale pale wapelekwe pia.

Nimeambiwa shabu na mafuta ya karafuu yanasafisha huku chini na kuondoa maumivu. Kweli?

Si kweli. Vinaunguza. Ndani hapahitaji shabu, sabuni wala mafusho. Maji matupu, nje tu.

Naendesha gari ya abiria, miaka 34. Maumivu nyuma ya korodani na kinena, yanazidi nikikaa sana, na baada ya kumwaga mbegu. Nimeambiwa ngiri, nimekunywa mizizi na sindano za zinaa. Vipimo vya zinaa havina kitu. Naogopa nguvu za kiume.

Kaka, ngiri ya kweli ni uvimbe unaotokeza ukikohoa au ukinyanyua mzigo, na hutibiwa kwa upasuaji, haiondoki kwa mizizi. Uvimbe hujautaja. Maelezo yako yanaelekea kwenye maumivu sugu ya tezi dume na nyonga, na kwa wanaume wengi wenye hali hiyo bakteria hawapatikani. Kuchomwa sindano nyengine hakutakusaidia. Shuka kwenye gari kila safari inapoisha, utembee. Tafuta mto wenye uwazi katikati. Yale ya kulegeza misuli niliyomwambia mwalimu ni yako pia, na kufunga choo kusizoeleke. Hizo dawa za nguvu zinazouzwa bila ya jina uziache kabisa, hujui zimetiwa nini. Hofu nayo inakaza nyonga, kwa hiyo zungumza na mkeo badala ya kumkwepa.

Ila korodani ikikuuma ghafla kwa nguvu, hasa moja, usilale nayo ukingoje asubuhi. Inaweza kuwa imejisokota, na masaa sita yakipita huenda isiokoke.

Baba yangu ana miaka 70, mkojo unakatika katika na usiku halali. Anasema ni uzee.

Tezi dume ipimwe. Na mwulize kwa adabu kama ameona damu, hata bila ya maumivu, na kama anavuta sigara. Kichocho cha miaka mingi na sigara vyote vinahusishwa na saratani ya kibofu. Akishindwa kukojoa kabisa na tumbo limejaa chini, ni spitali usiku huo huo.

Tunaofunga wenye kibofu kinachouma tufanyeje? Na mimi baada ya istinja matone yanaendelea, sala inanitia wasiwasi.

Wengi wenu mnaweza kufunga. Tatizo ni kuyanywa maji yote kwa mpigo kwenye daku. Yagawe toka futari mpaka daku, na ile kahawa ya baada ya tarawehe muiache. Mwenye homa, maumivu ya ubavuni, mimba yenye maambukizo au kisukari kisichotulia aonane na daktari kwanza.

Matone: chuchumaa, ngoja mpaka misuli ilegee, kisha kwa wanaume bonyeza polepole nyuma ya korodani kuelekea mbele. Usikamue mara kumi, kukamua kunaumiza njia na kunazidisha wasiwasi. Yakiendelea hata hivyo, masheikh wa madhehebu yetu ya Shafii wameeleza hukumu ya mwenye udhuru, kwa hiyo kamwulize sheikh wako bila ya haya. Lakini matone yaliyoanza karibuni, pamoja na maumivu, damu au ganzi ya miguu, kwanza yapelekwe kwa daktari.