Kabla hujatupa, hesabu mpaka 13

Shikamoo mwalimu. Katika bridge, mchezo wa karata wa wawili dhidi ya wawili, karata ziko 52. Nikiwa upande wa kuzuia mkataba, yaani idadi ya mizunguko ambayo wapinzani waliahidi kula, nitazikumbukaje zote?

Marahaba. Usizikumbuke zote. Zako 13 umezishika, za mezani 13, za mwenza wa aliyeshika mkataba, ziko wazi. Zilizofichika ni 26, na ukishajua za mmoja, za mwingine umezijua.

Anza na pointi. Ree ni 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1; karata zote pamoja zina 40. Aliyeshika mkataba alifungua mnada wa kuahidi mizunguko kwa 1 bila turufu (hakuna aina inayozishinda nyingine), ambayo kwa wengi ni pointi 15 hadi 17. Mezani unaona 10, wewe unazo 11. Mwenzako amebakiwa na 2 hadi 4. Sasa kwa nini unacheza kana kwamba ana ree mbili? Hana, hata ukimwombea dua.

Mimi kila siku napata karata mbovu. Nifanyeje?

Swali hili nimeshalijibu hadi nimechoka. Karibu nusu ya michezo yako utakuwa unazuia, uwe na bahati au usiwe nayo. Aliyeshika karata mbovu bado ana macho. Msiniandikie tena habari za bahati.

Watu husema "toa kwenye 11". Ni hesabu au uchawi?

Ni hesabu. Ree ihesabu kuwa 14. Mwenzako akianza na karata yake ya nne kwa ukubwa katika aina anayoanza nayo (shupaza, kopa, uru au pau), juu yake anazo tatu. 14 toa 3 ni 11. Toa namba ya karata aliyoanza nayo, upate idadi ya zinazoizidi katika mikono mitatu mingine.

Kaanza na 7 ya shupaza. 11 toa 7 ni 4. Mezani kuna malkia, 9 na 2; wewe una mfalme, 10 na 4. Zinazoizidi 7: mbili mezani, mbili kwako. Zimetimia nne! Mwenye mkataba hana hata moja. Mezani ikitoka 2, wengi wenu mnarusha mfalme kwa kishindo, na hapo mmemzawadia malkia wa mezani mzunguko wa bure. Weka 10, itakula. Kisha mfalme, kisha 4 uipeleke kwa mwenzako, ambaye ana ree, ghulamu na 8. Malkia ataanguka chini ya ree, na ghulamu atakula wa nne.

Ila kama mwenzako huanza na karata yoyote iliyomjia mkononi, hesabu hii itakudanganya. Kubalianeni kabla ya kukaa.

"Wa tatu aweke kubwa." Je, ni lazima?

Soma jibu la juu.

Mwenzangu akitupa 8 halafu 3, anamaanisha nini?

Kwa makubaliano ya kawaida, kubwa kisha ndogo ni idadi shufwa ya karata alizoanza nazo katika aina hiyo: mbili au nne. Ndogo kisha kubwa ni witiri. Mseme kwa karata tu, si kwa kikohozi wala kwa kusitasita. Mwaka 1965 kule Buenos Aires, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kuambiana idadi ya kopa kwa vidole. Shirikisho la dunia liliwatia hatiani, uchunguzi wa kwao Uingereza ukawaachia, na mpaka leo watu wanabishana.

Nijuaje karata ya kutupa mwishoni?

Hesabu mkono wa mwenye mkataba mpaka ufike 13. Nasema nikiwa na kovu. Nilibaki na karata tatu: mfalme wa pau, malkia na 8 za uru. Mezani zilibaki uru tupu: ghulamu, 5 na 3. Mfalme wa uru alishakwenda. Jamaa akatupa shupaza yake ya mwisho, mimi sina shupaza. Nikatupa ile 8, maana mfalme ana picha na picha inauma kuitupa.

Jamaa alikuwa ameonyesha shupaza 5, kopa 4, pau 2. Hizo ni 11. Mbili alizobakiza zilikuwa uru, na pau haikuwapo kwake wala mezani. Mfalme wangu alikuwa takataka. Akaweka ree ya uru, malkia wangu akaanguka peke yake, kisha 10 ikala. Mkataba ukatimia kwa mzunguko huo mmoja. Mwenzangu hakusema kitu. Alikusanya karata taratibu, akamgeuza yule mfalme wa pau, akamwangalia.