Ndiyo, Lebanon iliwahi kuwa na saa mbili

Umeuliza kama ni kweli nchi moja iliwahi kuwa na saa mbili. Ni kweli kabisa. Machi 2023, siku chache kabla ya saa za nchi nzima kusogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka, ili kutumia vizuri mwanga wa mchana, Waziri Mkuu Najib Mikati aliahirisha hatua hiyo hadi Ramadhani iishe, baada ya Spika Nabih Berri kumwomba hivyo. Waliofunga wangefuturu karibu saa kumi na mbili jioni badala ya saa moja. Kanisa la Wamaroni, kanisa kubwa zaidi la Kikristo nchini humo, likakataa, na vituo vya televisheni vya LBCI na MTV vikasogeza saa zao. Jumapili ya tarehe 26 ikawa hivi: hapa saa nne asubuhi, jirani saa tano. Ndani ya siku mbili serikali ikabadili uamuzi.

Kinachoniuma ni kwamba tarehe 25, siku moja tu kabla ya mgawanyiko huo wa kidini, ilikuwa sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria, ambayo tangu 2010 ni mapumziko ya kitaifa kwa Wakristo na Waislamu pamoja, kwa kuwa Mariamu anaheshimiwa na pande zote mbili. Sikukuu hiyo naipenda mno.