Tikal: siku moja inatosha?

SWALI: Mambo mhariri, mi na mume wangu tunataka kwenda Guatemala kuona magofu ya Wamaya pale Tikal, twende mwezi gani, na siku moja inatosha ama tulale hukohuko?

JIBU: Poa dada. Nendeni kati ya Desemba na Aprili, mvua inakuwa imepungua, maana ikinyesha zile njia za msituni ni tope tupu na mawe yanateleza balaa. Wengi wanafikia mji wa Flores, kilomita 60 na kitu hivi, ila mi nasema laleni ndani ya hifadhi, hoteli zipo chache, halafu alfajiri mpande Hekalu la 4, lina kama mita 65 na unapanda kwa ngazi za mbao, ukifika juu unaona ukungu umelala juu ya miti na vilele vya mahekalu mengine vimechomoza, huku kima wananguruma kama simba (msikimbie, wanakula majani na matunda tu hao!). Kuingia kabla ya saa 12 asubuhi kuna tiketi yake ya ziada. Hekalu la 1 mtaliangalia kwa chini, kupanda marufuku. Bebeni quetzal (hela ya Guatemala) taslimu, maji na dawa ya mbu, ndala acheni hotelini.