Mwalimu mgeni na wanafunzi wake, Lamu

Dada, umeuliza mbona wazazi wamenuna baada ya wewe kuwakumbatia vijana wa kidato cha tatu siku ya kufunga shule. Hawakuchukii. Kwetu Lamu mvulana aliyebaleghe hakumbatiwi na mwanamke asiye maharimu wake, yaani jamaa wa karibu asiyeweza kuoana naye, awe mwalimu au nani, na ikiwa ni mbele za watu mamake huona haya zaidi yake.

Mapenzi yako usiyafiche. Jitande mtandio, piga hodi kwao, ukikaribishwa ndani kaa na mamake, msifu mwanawe huku kijana mwenyewe akisikia. Mahamri usikatae hata kama umeshiba! Tena alasiri usiwacheleweshe darasani, huenda chuoni kusoma Kurani. Anza na mama aliyenuna zaidi, wiki hii hii.