Zahanati inanitaka wiki ijayo. Nikubali?

"Shikamoo Shangazi. Nina miaka 24, nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, nimefaulu mtihani wa Baraza na leseni ninayo. Nimekaa nyumbani mwaka mzima nikiomba kazi. Sasa zahanati moja ya binafsi huko Chanika imeniita. Mshahara ni shilingi 380,000. Wanazalisha, na zamu ya usiku nitakuwa mimi na mhudumu mmoja. Pia wanataka niwaachie vyeti vyangu halisi kwa miaka 2 ya mkataba. Mama anasema kazi ni kazi, maana aliuza shamba kunisomesha. Mjomba anasema zahanati ni kujishusha, nisubiri ajira za serikali. Nina wiki moja ya kujibu. – Muuguzi, Kibaha."

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga haufauliwi kwa bahati, kwa hiyo usiende kukaa mbele ya mwajiri kama mtu aliyekuja kuomba sadaka.

Nianze na mjomba, maana hoja yake haina uzito. Kazi ya binafsi haikufungii mlango wa serikali. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huruhusu waombaji hadi umri wa miaka 45, na hakuna anayeenguliwa kwa kuwa aliwahi kufanya kazi zahanati. Kinachokuponyoka ukikaa nyumbani ni mkono. Muuguzi aliyekaa mwaka bila kumgusa mgonjwa huanza kusitasita hata kutafuta mshipa. Wenzako wangapi wanajitolea hospitalini kwa nauli tu ili mkono usilale? Hapo niko na mama yako: unahitaji kazi, na unaihitaji sasa. Lakini masharti haya siyakubali.

Kilichonishtua umekipitia harakaharaka: usiku, wewe na mhudumu. Hebu tuingie leba saa nane usiku. Mama amejifungua, kondo limetoka, unampima mtoto uzito. Unageuka, unaona kanga imeloa na damu bado inatiririka. Hapo panatakiwa mtu wa kusugua tumbo ili mfuko wa uzazi usinyae, wa kuchoma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, wa kutafuta mshipa aweke dripu, na wa kupiga simu gari la wagonjwa lije. Mtoto naye kama hajalia, anahitaji kusaidiwa kupumua ndani ya dakika yake ya kwanza. Wakunga wawili wazoefu hutoka jasho usiku kama huo. Mhudumu, hata awe mchapakazi namna gani, hakufundishwa haya. Na mambo yakiharibika, jina litakalokuwa kwenye faili ni lako, na leseni itakayojadiliwa na Baraza ni yako.

Chuo kimekupa elimu, lakini mkono wa ukunga unatengenezwa na mkunga aliyesimama pembeni yako akikuambia, "Bonyeza zaidi, usiogope." Ndiyo maana mshahara sikuuweka mbele. Laki tatu na themanini ni kidogo, chumba na nauli vitaimaliza, lakini kama hapo pangekuwa na mkunga mzoefu wa kukushika mkono ningekuambia uichukue leo.

Vyeti halisi usimwachie mtu. Waonyeshe, wavikague, wabaki na nakala zilizothibitishwa na wakili, wewe urudi navyo Kibaha siku hiyohiyo. Unapoitwa kwenye usaili wa serikali unatakiwa kufika na vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa na cha kidato cha nne. Sasa jina lako litoke huku vyeti vimefungiwa kwenye kabati la mwajiri asiyetaka uondoke! Mwajiri anayeng'ang'ania vyeti anajua kwamba watu wakipata nafasi wanamkimbia, na wewe unapaswa kujiuliza wanakimbia nini.

Usiwajibu kwa simu. Nenda jioni, wakati wa kukabidhiana zamu, umuulize taratibu muuguzi anayetoka: usiku mnakuwa wangapi? Mama akizidiwa anapelekwa wapi, na kwa gari gani? Tazama kama oksitosini inakaa kwenye friji na kama mtungi wa oksijeni una kitu ndani. Kisha mwambie mganga mfawidhi unachotaka: miezi 3 ya mwanzo upangwe na mkunga mzoefu, usiku wa leba usiwe muuguzi peke yako, vyeti ubaki navyo. Yaandikwe kwenye mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa haki ya kupewa masharti ya kazi kwa maandishi, saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada, na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Ulizia pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango wote ni asilimia 20 na wewe hukatwi zaidi ya 10. Chanjo ya homa ya ini B ikamilishe kama bado, na ujue mapema ukichomwa na sindano iliyotumika utapata wapi dawa za kinga ya VVU, maana zinatakiwa zianzwe kabla ya saa 72 kupita.

Wakikubali, anza kazi kwa moyo mweupe. Wakikataa suala la usiku au la vyeti, waage kwa heshima. Hospitali ya Tumbi iko hapohapo kwenu Kibaha, kaulizie kujitolea wodi ya wazazi huku ukituma barua kwenye hospitali za misheni, hata zile za mbali kama Ndanda na Peramiho.

Kwa mama usiende na vifungu vya sheria. Mweleze ile saa nane ya usiku kama nilivyokueleza. Yeye ameshazaa, atakuelewa kabla hujamaliza. Mwambie pia kwamba ukipata mshahara wa kwanza, popote utakapokuwa, fungu lake lipo, na ulitimize.

Mkataba wakikupa, usisaini papo hapo. Omba siku 2 za kuusoma, na kifungu kitakachokutatiza uniandikie.