Unayefungua kituo cha watoto, anzia getini

Ndugu yangu unayejiandaa kufungua kituo cha kulelea watoto wadogo mchana, watu watakushauri sana juu ya rangi za ukuta na bembea. Usajili ni lazima, Sheria ya Mtoto ya 2009 inautaka, na safari yake unaianzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Mimi nataka tuzungumze habari za familia, maana hapo ndipo nilipokosea nilipoanza hapa Dar es Salaam.

Nilidhani mzazi ni yule anayelipa ada. Nikapokea mtoto wa miaka miwili asiyelala mchana. Wenzake wamejilaza kwenye magodoro, yeye amesimama kashika mlango, analia mpaka sauti inakauka. Kila jioni nilimweleza mama yake, naye amechoshwa na kazi na daladala, anaitikia tu. Wiki ya tatu akaja bibi kumchukua. Nikamkaribisha kiti, nikamuuliza. Akasema, "Mwanangu, huyu halali bila kanga yangu." Kesho yake kanga ikaja, imefuliwa hadi maandishi yamefifia. Mtoto akaikumbatia, akaiweka shavuni, akalala hata mapazia sijamaliza kuyafunga.

Tangu siku hiyo fomu yangu ya kuandikisha inauliza: nani anamwogesha? Nani analala naye? Akiamka usiku anamwita nani? Mara nyingi jibu ni bibi, mama mdogo au dada wa kazi. Basi hao ndio wa kuwajua kwa majina na kuwaalika kwenye vikao. Dada wa kazi anayesalimiwa vizuri atakwambia mtoto alikohoa usiku kucha. Asiyesalimiwa atakabidhi begi na kuondoka.

Kwa hiyo asubuhi na jioni simama getini mwenyewe, usimwachie mlinzi. Jioni anza na jambo uliloliona kwa macho yako: "Leo kamgawia mwenzake ndizi." Kama kuna tatizo, lifuate baada ya hapo, na useme pembeni. Ada ni hivyo hivyo. Niliwahi kuweka majina ya waliochelewa kwenye kundi la WhatsApp, na mama mmoja hakurudi tena. Nilimpigia kuomba radhi, akanisikiliza kwa adabu, lakini mtoto hakumrudisha. Deni la mtu ni la kuzungumza naye peke yake.

Wenye watoto wachanga wanahitaji jambo jingine. Kwa sheria ya ajira likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja, na mama anayenyonyesha ana haki ya kupewa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Wengi hawaijui haki hiyo. Waambie, kisha uwatengee kona yenye pazia, kiti cha kuegemea na maji ya kunywa. Kwangu kona hiyo imefanya kazi kuliko mkutano wowote: akina mama wanaokutana pale saa sita mchana ndio wanaotembeleana Jumapili.

Akina baba nao waite kwa kazi. Kikao walikuwa wanakikwepa, ila uzio ulipolegea walikuja sita na nyundo zao, na wakishakaa kunywa chai ndipo maswali ya watoto yanatoka.

Halafu kuna kitabu cha kukabidhi watoto. Asiyeandikwa humo haondoki na mtoto, hata akiwa mjomba wake wa damu, mpaka mzazi apigiwe simu na akubali. Baadhi watanuna. Waeleze kwa upole, na usilegeze.

Siku moja ya mvua za masika Jangwani ilijaa maji, barabara ikafungwa, na saa moja usiku nilikuwa bado na watoto tisa. Tulichemsha uji. Mama anayekaa mtaa wa pili alipofika kumchukua wake, akajitolea kuondoka na wengine watatu, wakale na kulala kwake. Nikawapigia wazazi mmoja mmoja, wakakubali wote watatu, na mmoja akaomba aongee na mwanawe kwanza. Nikaandika majina, saa na namba ya simu ya mama yule, akatia sahihi, tukawavalisha masweta.